Ayrton Senna, piloti mwenye kusikiliza motere

Vijana wengi wenye kuzaliwa nyuma ya mwaka 1994 wanamjua Senna kwa jina tu. Wanaona kofia yake ya manjano katika picha, wanasikia wazee wanabishana juu yake na Alain Prost, basi. Leo tunapenda kueleza maisha yake, lakini tutakaa zaidi kwa jambo moja lenye watu hawalisemi sana: ile vita yake ndefu na kile chombo Wafaransa wanaita antipatinaji.

Kwanza tueleze chombo chenyewe, maana bila kukijua, mwisho wa Senna hauwezi kueleweka vizuri. Kila shofere wa kamyo mwenye kupita barabara ya udongo wakati wa mvua anajua hii shida: unakanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure, mkia wa gari unaenda upande, na usukani haukusaidii tena. Sasa chukua gari ya kilo 500 na kidogo, uitie motere yenye nguvu za farasi zaidi ya 700, na nguvu yote ile iende kwa magurudumu mawili ya nyuma tu. Hiyo ndiyo Formula 1 ya wakati ule. Mguu wa kuume wa piloti ndio ulikuwa unapima kila kitu. Antipatinaji ilikuja kuchukua kazi ya ule mguu: vipimo vidogo vinaangalia mwendo wa magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kama ya nyuma yanazunguka kupita ya mbele, kompyuta inakata moto katika silinda moja ao mbili kwa kitambo kidogo sana. Piloti anaweza kukanyaga mpaka chini, mashini inamsamehe. Lakini motere inatoa sauti ya kukatika-katika, sawa mtu mwenye kigugumizi. Msomaji ashike sauti ile, tutairudilia.

Ayrton Senna da Silva alizaliwa tarehe 21 Machi 1960 katika mji wa São Paulo, Brazil. Kwao hawakuwa maskini. Baba yake, Milton, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali. Nyumbani walimwita Beco. Alipokuwa na miaka minne baba alimtengenezea kigari kidogo, karti, chenye motere ya mashini ya kukata majani. Kwa miaka 13 akaanza mashindano. Inasimuliwa kwamba siku moja mvua ilinyesha, akashindwa vibaya, akaona haya. Tangu siku ile, kila mvua ikinyesha São Paulo, wenzake wanakimbilia ndani, yeye anatoa karti yake na kwenda kuzunguka peke yake mpaka analowa chapa. Tunaamini hapo ndipo mguu wake ulisoma. Hakuna kompyuta iliyomfundisha.

Mwaka 1981 akaenda Uingereza kushindana katika magari madogo ya Formula Ford, na mwaka 1983 akawa bingwa wa Formula 3 ya kule nyuma ya mapambano makali na Martin Brundle. Mwaka 1984 akaingia Formula 1 katika kikundi kidogo cha Toleman. Wasomaji wengi hawajui hili: pointi yake ya kwanza kabisa aliipata Afrika, katika kiwanja cha Kyalami, Afrika Kusini, mwezi wa Aprili 1984, alipomaliza wa sita. Yalikuwa mashindano yake ya pili tu.

Kiisha Monaco, Juni 1984. Mvua ya kutisha. Alianza wa 13 na ile gari yake dhaifu, akawapita wakubwa mmoja kwa mmoja, akawa anamkaribia Prost kila mzunguko. Ndipo Mbelgiji Jacky Ickx, mwenye kuongoza mashindano siku ile, akayasimamisha. Prost akapewa ushindi, Senna wa pili. Wabrazil hawajasahau mpaka leo. Sisi tunaongeza neno moja lenye wanalisahau: nyuma ya Senna kulikuwa Mjerumani Stefan Bellof, naye alikuwa anakuja haraka kupita wote wawili.

Mwaka 1985 alikwenda Lotus, na Aprili ile, kule Estoril nchini Ureno, akashinda kwa mara ya kwanza. Mvua tena. Motere za wakati ule zilikuwa na turbo, na turbo ni kitu cha hila: unakanyaga, haitoi kitu, unangoja, kiisha nguvu zote zinakuja pamoja kama teke la punda. Juu ya lami yenye maji, teke lile linageuza gari mara moja. Prost mwenyewe aliteleza na kutoka katika barabara iliyonyooka, hata kona haikuwepo. Senna alimaliza mbele ya Michele Alboreto kwa zaidi ya dakika moja, na wengine wote aliwazidi mzunguko mzima ao zaidi. Dawa yake ilikuwa ni kugonga-gonga pedali katikati ya kona, haraka haraka, ili turbo isilale na nguvu isije kwa kishindo. Mafundi waliposoma karatasi za vipimo walishangaa. Kwa maneno mengine, mtu huyu alikuwa antipatinaji mbele ya antipatinaji kufika.

Miaka ya utukufu tutaipita upesi, sababu ndiyo yenye kujulikana zaidi. Mwaka 1988 alienda McLaren yenye motere ya Honda, pamoja na Prost. Mashindano 16, wao wawili wakashinda 15: Senna nane, Prost saba. Senna akawa bingwa mwaka ule, tena 1990, tena 1991. Urafiki haukuwepo. Kule Suzuka, Japani, mwaka 1989 waligongana na Senna akanyang'anywa ushindi. Mwaka 1990, mahali pale pale, Senna akamgonga Prost katika kona ya kwanza. Mwaka mmoja baadaye alikubali kwamba alifanya kusudi. Tunamheshimu, lakini hatutasema alikuwa malaika. Kumgonga mwenzako kwa mwendo ule ni kucheza na maisha ya watu.

Katika Machi 1991 alishinda nyumbani kwao, Interlagos, kwa mara ya kwanza. Vitesi zilikuwa zinakufa moja kwa moja. Mwisho akabaki na ya sita tu, na matone ya mvua yakaanza kuanguka. Alipofika, mikono ilikuwa imekaza, hakuweza kutoka ndani ya gari peke yake.

Sasa tufike 1992. Kikundi cha Williams kilitoa gari yenye suspansiyo ya kuongozwa na kompyuta, tena na antipatinaji. Nigel Mansell alishinda mara tisa, akawa bingwa tangu Agosti. Senna alishinda mara tatu tu. Alilalamika wazi kwamba mashini imeanza kuchukua nafasi ya mtu, kwamba piloti wa kawaida sasa anaweza kufanya kazi yenye zamani ilitaka kipaji. Lakini hapo hapo alikuwa anaitaka ile gari kwa nguvu zote, mpaka akasema yuko tayari kuiendesha bila mshahara. Wengine wanamcheka kwa hilo. Sisi hatuoni unafiki: mwenye kushindana kwa kisu mbele ya watu wa bunduki ana haki ya kusema bunduki zitolewe, na pia ana haki ya kutafuta bunduki wakati zingali zinaruhusiwa. Hakuipata. Prost alikuwa amesaini Williams, na mkataba wake ulimfunga Senna mlango.

Kwa hiyo mwaka 1993 alibaki McLaren. Honda ilikuwa imeondoka; gari ilipewa motere ya Ford yenye nguvu kidogo kuliko Renault ya Williams. Lakini McLaren nayo ilikuwa imetia kompyuta kila mahali, antipatinaji ikiwa ndani. Tarehe 11 Aprili, Donington, Uingereza, mvua. Katika kona za kwanza alikuwa wa tano. Mzunguko wa kwanza haujaisha, yuko mbele ya wote. Mwishoni ni Damon Hill peke yake aliyebaki katika mzunguko mmoja naye. Watu wengi wanasema hakuna siku aliendesha vizuri kupita ile. Yeye alikataa. Aliiweka Estoril juu ya Donington, kwa sababu moja tu: Donington mashini ilimsaidia, Estoril hakukuwa na msaada. Ni wangapi, wakisifiwa namna ile, wangejipunguzia sifa wenyewe?

Tena vyombo vile havikuwa vya kutegemea kama watu wanavyofikiri. Vilikuwa vya kwanza-kwanza. Kipimo kimoja kikidanganya, waya mmoja ukiachia, kompyuta inakata nguvu wakati unaihitaji, ao inaiachilia pale haitakiwi. Kule Imola mwaka ule, Senna alisimama njiani kwa kuharibika kwa mambo ya mafuta yenye kusukuma vyombo vya gari. Hatari kubwa zaidi ni ya piloti: akishazoea kusaidiwa, anaingia kona kwa imani, na siku chombo kinakataa, mguu umeshasahau kazi yake. Senna alishinda mara tano mwaka 1993, akamaliza wa pili nyuma ya Prost. Kule Adelaide, mwezi wa Novemba, alishinda kwa mara ya mwisho, na Prost alikuwa anaacha kazi. Senna akamvuta mkono, akampandisha juu pamoja naye.

Mwaka 1994 Senna aliingia Williams kumbe mwaka ule ule FIA, yenye kutawala mchezo, ilikataza suspansiyo ya kompyuta, antipatinaji na misaada mingine. Alipata gari aliyoililia siku ilipovuliwa silaha zake. Williams mpya ilikuwa ngumu, yenye kubadilika tabia katikati ya kona. Kule Interlagos, Machi, alikuwa anamfuata Michael Schumacher wa Benetton. Magurudumu ya nyuma yakateleza, gari ikageuka, motere ikazima, mbele ya watu wa kwao. Aprili wakaenda Aida, Japani. Kona ya kwanza akagongwa nyuma, akatoka. Hakurudi mara moja kwa mafundi wake. Alisimama kandokando ya barabara, anasikiliza magari yanavyotoka kona. Sikio lake lilimwambia kwamba motere ya Benetton ya Schumacher haitoi sauti sawa na zingine. Alirudi akiamini kwamba kuna mtu bado anatumia kitu kilichokatazwa.

Je, alikuwa na haki? Tuwe waangalifu hapa. Baadaye FIA ilipeleka programu za kompyuta kwa wataalamu. Katika ile ya Benetton walikuta programu ya kusaidia gari kuondoka wakati wa kuanza, imefichwa: orodha ilionyesha mistari kumi, nayo ilikuwa chini yake, katika mstari wa 13 usioonekana. Benetton walisema ni mabaki ya mwaka wa nyuma. FIA haikupata ushahidi kwamba ilitumiwa katika mashindano, kwa hiyo haikuwapa azabu juu ya jambo lile, isipokuwa faini ya kuchelewa kutoa programu. Schumacher akawa bingwa kwa pointi moja mbele ya Hill. Mwenye kusema Benetton waliiba anasema kupita vilivyoonekana, na mwenye kusema Senna aliota anasahau mstari ule wa 13.

Lakini Senna hakungoja majibu. Tarehe 30 Aprili, Imola, Roland Ratzenberger wa Austria alikufa katika mazoezi. Daktari Sid Watkins, rafiki yake, alimwomba aache kabisa. Alikataa. Asubuhi ya Jumapili alizungumza na wenzake, Schumacher akiwa ndani, juu ya kuunda tena chama cha mapiloti kwa ajili ya usalama. Mchana, katika mzunguko wa saba, akiwa mbele, Schumacher nyuma yake, gari ilitoka katika kona ya Tamburello na kugonga ukuta. Katika gari walikuta bendera ya Austria, aliyotaka kuipeperusha kwa heshima ya Ratzenberger. Alikuwa na miaka 34.

Mahakama za Italia zilisikiliza kesi kwa miaka. Zilitaja chuma cha usukani kilichokatwa na kuungwa kwa sababu piloti alitaka nafasi zaidi. Wengine wanasema gari iligusa lami chini na kuteleza, sababu pine zilikuwa zimepoa. Hakuna mtu aliyeenda gerezani.

Brazil ililia siku tatu za taifa. Alizikwa Morumbi, na kati ya wenye kubeba sanduku alikuwa Prost. Dada yake Viviane alianzisha mwaka ule ule Instituto Ayrton Senna, yenye kusaidia masomo ya watoto wa Brazil.

Antipatinaji yenyewe haikufa. FIA iliona haiwezi kuwakamata wenye kuificha, ikairuhusu tena katika mashindano ya Hispania mwaka 2001. Mwaka 2008 ikatolewa, mara hii kwa kulazimisha vikundi vyote kutumia kompyuta ya namna moja. Mwaka 2010 Bruno Senna, mtoto wa Viviane, aliingia Formula 1 katika magari yasiyo na msaada ule, na mwaka 2012 alikaa ndani ya Williams yenye motere ya Renault.