Hayati Gregory Maloba: Mwalimu Aliyekubali Kurudi Darasani

Katika toleo hili nimeombwa nieleze maisha ya mtu mashuhuri afaaye kuigwa. Nimemchagua hayati Gregory Maloba, mchonga sanamu, na sababu ninayo.

Baba yangu alikuwa fundi wa miti huko Ruangwa. Alichonga vinu, michi na mipini ya majembe, nami nilishika tezo tangu utotoni. Nilipokuja kusoma hapa Nachingwea niliificha kazi hiyo, maana sisi wanafunzi tuliiona kuwa ya walioshindwa mitihani. Miaka ikapita, nikapata nafasi ya kusomea uchongaji kwa shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Makerere. Baba akastaajabu. Mkono uliokwisha kuijua tezo, aliuliza, waenda kufundishwa nini tena? Sikuwa na jibu.

Huko Makerere ndiko nilikozijua habari za Maloba. Alizaliwa mwaka 1922 Mumias, magharibi ya Kenya. Akiwa kijana alifika Kampala, akafundishwa na Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere katika miaka ya 1930. Mapema katika miaka ya 1940 Maloba alichonga sanamu aliyoiita Mauti, na kazi hiyo ilimtangaza. Baadaye akawa mwalimu hapo hapo chuoni, pamoja na Mtanzania mwenzetu, hayati Sam Ntiro wa Machame, aliyekuwa mchoraji.

Mtu mwingine angeridhika. Jina alikuwa nalo, na kazi alikuwa nayo. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1940 Maloba alikwenda Uingereza kusoma katika Bath Academy of Art. Akarudi Makerere kufundisha. Katika miaka ya 1950 akaondoka mara ya pili, akaingia Royal College of Art, London. Mwalimu mzima akaketi tena kama mwanafunzi.

Matunda yake yalionekana mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru. Maloba ndiye aliyetengeneza Sanamu ya Uhuru iliyoko katikati ya Kampala: mama ambaye mwili wake umeviringishwa vitambaa, naye amemwinua juu mtoto aliye huru, mikono ya mtoto imeelekea mbinguni. Mwaka 1966 alihamia Nairobi, akaongoza idara ya usanifu katika chuo kikuu. Alifariki mwaka 2007.

Sasa nirudi kwenye swali la baba. Sanamu yangu ya kwanza ya udongo chuoni, yenye kimo cha mtu, ilianguka usiku. Asubuhi nilikuta chungu ya udongo sakafuni. Kosa lilikuwa langu. Mpingo hujishikilia wenyewe. Mchongaji kazi yake ni kupunguza. Udongo huongezwa kidogo kidogo, nao hauwezi kusimama bila mifupa ya chuma ndani yake. Mimi nilidhani nimekwisha jua, nikaiweka mifupa dhaifu. Nilikwenda nikasimama mbele ya ile sanamu ya Maloba kwa muda mrefu, nikawaza juu ya mtu yule aliyekubali mara mbili kwamba bado hajajua.

Nilipokwenda likizo Ruangwa nilimsimulia baba. Alielewa mara moja. Alisema ni kama nyumba ya udongo isiyo na fito. Tangu siku hiyo hakuuliza tena nasomea nini.

Wanafunzi, msione haya kwa kazi ya mikono, wala msidhani kwamba kipaji kinatosha pasipo elimu. Maloba alikuwa na vyote viwili, na hakuacha kimoja kwa ajili ya kingine. Nanyi wazazi, mtoto akikutwa anachonga kipande cha mpingo, asipokonywe kisu. Aulizwe anachonga nini.

Kwa wahitimu wenzangu nina ombi moja. Katika mchango wetu wa mwaka huu tutenge fedha za patasi, tezo na misasa kwa shule yetu. Mimi nitaanza kwa kutoa patasi zangu sita nilizorudi nazo kutoka Makerere.

Idumu shule yetu!