MAISHA YA MAREHEMU MWANAMFALME NUHU MBOGO

Marehemu Mwanamfalme Nuhu Mbogo alikuwa mwana wa Kabaka Suna II wa Buganda, na ndugu yake Kabaka Mutesa I. Katika zama za wafalme hao wawili wafanya biashara wa Kiarabu na Waswahili waliotoka pwani waliileta dini ya Kiislamu Buganda. Mbogo aliipokea, akadumu nayo mpaka mwisho wa uhai wake.

Mwaka 1888 Waislamu walishika serikali ya Buganda wakamtawaza Kabaka Kalema. Lakini vita viliwageukia, na mwaka 1890 Kabaka Mwanga alirudishwa katika kiti chake kwa nguvu za Wakristo. Waislamu wakakimbilia upande wa Bunyoro. Kalema alipofariki kwa ndui mwaka ule ule, walimchagua Mbogo awe Kabaka wao. Ulikuwa ufalme usio na nchi, na watu wake walikuwa wamechoka kwa vita na njaa.

Mwaka 1892 Kapteni Lugard alitaka mapatano. Mbogo alijua kwamba kwenda Kampala ni kuuacha ufalme, na kubaki porini ni kuwaangamiza watu. Akaenda. Waislamu wakapewa masaza matatu: Busujju, Gomba na Butambala. Mwaka uliofuata Waingereza waliwashuku kuwa wana shauri moja na Selim Bey, mkuu wa askari wa Kisudani. Selim Bey alifariki njiani akipelekwa pwani, Mbogo akahamishiwa Unguja, na Waislamu wakabakiwa na saza moja tu, Butambala.

Baadaye Mbogo aliruhusiwa kurudi. Mapatano ya Uganda ya mwaka 1900 yalipoandikwa, mawakili watatu wa Kabaka mdogo Daudi Chwa walikuwa Waprotestanti wawili na Mkatoliki mmoja, Mwislamu hakuwamo. Katika masaza 20, la Waislamu lilikuwa moja. Hata hivyo jina la Mbogo liliandikwa humo: alipewa maili 24 za mraba, zake na za wafuasi wake, na pauni 250 kila mwaka, kwa sharti kwamba aache madai yake yote ya ufalme.

Wako wawezao kusema kwamba aliuza kikubwa kwa kidogo. Lakini kidogo hicho ndicho kilichowapa Waislamu mahali pa kukaa na mtu wa kuwasemea mbele ya serikali, wakati ambapo wangaliweza kusahauliwa kabisa.

Alifariki mwaka 1921. Mwanawe, Mwanamfalme Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907, alirithi uongozi akiwa bado kijana, na ndiye aliyetoa ardhi ya kilima cha Kibuli, ambapo leo pana msikiti na shule. Kwa hiyo sauti ya wachache haikuzimika.

Mwenyezi Mungu amrehemu na amlaze mahali pema. Amin.