Rubinstein: Mwasisi wa mashindano ya piano ya kimataifa

MTOTO anayejifunza kupiga piano katika mtaa wa Kitisuru, magharibi mwa jiji la Nairobi, hupimwa na jaji anayesikiliza kazi ya vidole vyake wala haulizi ukoo wake. Haki hiyo haikuwepo tangu jadi. Miongoni mwa walioipigania ni Anton Rubinstein, Mrusi aliyeanzisha mashindano ya kimataifa ya piano mnamo 1890.

Rubinstein alizaliwa Novemba 28, 1829 katika kijiji cha Vykhvatinets, kusini magharibi mwa milki ya Urusi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na mnamo 1831 ukoo wao ulibatizwa ili kuepuka sheria kali za Mfalme Nicholas wa Kwanza. Mamake ndiye aliyemfunza piano kwanza, kisha akamkabidhi kwa mwalimu Alexander Villoing jijini Moscow. Akiwa na umri wa miaka tisa alitumbuiza hadharani, na muda si mrefu akazuru miji mikuu ya Ulaya.

Hata hivyo, sifa hizo hazikumpa hadhi nyumbani. Alipokwenda kuungama katika Kanisa Kuu la Kazan, St Petersburg, aliulizwa cheo chake ili aandikishwe. Alijitambulisha kuwa msanii, lakini sheria za Urusi hazikuitambua kazi hiyo. Hatimaye aliandikishwa kuwa mwana wa mfanyabiashara, ingawa babake alikuwa amekwisha kufariki.

Kisa hicho kilimkaa moyoni. Mnamo 1862 alifungua chuo cha muziki cha St Petersburg, cha kwanza cha aina yake nchini Urusi, na waliohitimu wakapewa cheo cha msanii huru kilichotambuliwa kisheria. Pyotr Tchaikovsky alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo. Miaka minne baadaye, Nikolai, nduguye Anton, alianzisha chuo kama hicho jijini Moscow.

Kati ya 1872 na 1873 Rubinstein alizunguka Marekani na kupiga piano katika maonyesho 215. Ziara hiyo ilimchosha mno, lakini ilimwondolea wasiwasi wa fedha.

Mashindano aliyoyaasisi yalipangwa kufanyika kila baada ya miaka mitano. Yalikuwa na tuzo mbili za faranga 5,000 kila moja, ya mpiga piano na ya mtunzi. Vijana wa umri wa miaka 20 hadi 26 waliruhusiwa kushiriki bila kujali taifa, dini wala tabaka. Wanawake hawakuruhusiwa, na hilo ni doa ambalo historia haiwezi kulifuta. Katika awamu ya kwanza, Nikolai Dubasov alishinda kwa piano naye Ferruccio Busoni kwa utunzi.

Mwaka uliofuata msimamo wake ulitiwa majaribuni. Serikali ilitaka chuo kigawe nafasi na tuzo kwa kufuata asili ya mwanafunzi badala ya kipaji, hatua iliyolenga kuwabana Wayahudi. Rubinstein alikataa na kujiuzulu ukurugenzi wa chuo alichokijenga kwa mikono yake, kisha akahamia Dresden, Ujerumani. Alifariki Novemba 20, 1894 huko Peterhof, karibu na St Petersburg.

Mashindano yake yaliendelea Berlin 1895, Vienna 1900, Paris 1905 na St Petersburg 1910, kabla ya kuzimwa na Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Jijini Paris, Wilhelm Backhaus alimshinda Béla Bartók kwa piano.

Mbegu hiyo haikufa. Mashindano ya Chopin yalianza jijini Warsaw mnamo 1927, mwaka uo huo ambao Tamasha la Muziki la Kenya lilianza. Mnamo 1958 Moscow ikaanzisha mashindano yenye jina la Tchaikovsky, mwanafunzi wa Rubinstein, na ingawa Urusi na Marekani zilikuwa mahasimu, majaji walimtuza Mmarekani, Van Cliburn.