Mwenda Jean Bosco: gita moja na sauti ndogo ndani ya diski

Mwezi wa pili mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, Hugh Tracey alimkuta kijana mmoja na gita lake. Tracey alikuwa Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, na kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi nyingi akirekodi muziki wa watu. Kijana huyo hakuwa na ampli wala bafle. Alikuwa na gita la mbao, vidole viwili na sauti ya upole. Jina lake ni Mwenda Jean Bosco.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, Katanga, katika kabila la Bayeke. Asili ya Bayeke ni Unyamwezi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Waliingia Katanga na Msiri katika karne ya 19, na Bunkeya ikawa mji wake mkuu. Kwa watu wa Baraka, wanaoliona ziwa hilo kila asubuhi, hiyo si habari ya mbali.

Namna yake ya kupiga gita ndiyo iliyoshangaza watu. Kidole gumba kilitembea kwenye nyuzi nzito, kidole cha shahada kikaimba juu, na aliyesikia bila kuona alidhani ni watu wawili. Wimbo wake Masanga ulipata tuzo ya Osborn ya mwaka 1952, ya muziki bora wa Afrika. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ikatoa nyimbo zake kwenye diski za Gallotone, zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Akasikika Kongo, Kenya na kwingine kwingi, akiimba Kiswahili cha Katanga pamoja na lugha nyingine za kwao. Mwisho wa miaka ya 1950 alikaa Nairobi, na wapiga gita wengi wa kule wakamfuata. Mwaka 1969 alifika Marekani kupiga kwenye tamasha la Newport. Aliishi miaka mingi Lubumbashi. Akafariki mwezi wa tisa 1990, katika ajali ya gari huko Zambia.

Sasa, alichoacha ni sauti ndani ya mikwaruzo ya diski, na hapo ndipo kazi ya fundi wa redio inapoanza. Muziki wa Mwenda una sehemu nyingi za kimya. Mahali pengine ni uzi mmoja tu unaolia. Bendi yenye ngoma na tarumbeta inaweza kufunika makosa ya vyombo, lakini gita moja haliwezi.

Sindano ikipita kwenye mkwaruzo inatikisika, na kichwa kinachoishika kinageuza mtikisiko huo kuwa umeme kidogo sana. Vichwa vingi vya kawaida vina sumaku inayotikisika, na vinatoa milivolti 3 hadi 5. Vingine vina bobini ndogo inayotikisika, na umeme wake ni mdogo zaidi. Mfano ni Denon DL-103, kilichotengenezwa Japani miaka ya 1960 kwa ajili ya redio ya taifa, NHK. Chenyewe kinatoa milivolti 0,3 tu.

Kati ya kichwa na meza ya sauti lazima kuwe na preampli. Ile ya kichwa cha sumaku inakuza umeme mara 100, yaani desibeli 40. Milivolti 5 zinakuwa nusu volti, na hiyo inatosha. Lakini fundi akiunganisha kichwa cha bobini cha milivolti 0,3 kwenye preampli hiyo hiyo, anapata volti 0,03 tu. Mwenda anasikika kama yuko nyumba ya jirani. Fundi anapandisha sauti kwenye meza, na pamoja na gita inapanda shii ya vyombo na mngurumo wa umeme wa jenereta. Kidole gumba kinazama humo humo.

Kichwa cha namna hiyo kinataka kukuzwa karibu mara 1000, yaani desibeli 60, na kinafika volti 0,3. Kinyume chake nacho ni kibaya: kichwa cha milivolti 5 kikikuzwa mara 1000 kinataka kufika volti 5. Vyombo vingi vinashindwa hapo, na sauti inapasuka kila uzi unapopigwa kwa nguvu.

Ndiyo maana fundi anasoma kwanza karatasi ya kichwa: kinatoa milivolti ngapi? Halafu anachagua preampli, au anabonyeza kitufe cha aina ya kichwa ikiwa kipo. Waya kutoka kwenye kinanda uwe mfupi, na uwe mbali na waya za umeme. Na kwa diski ya mizunguko 78, sindano iwe ile nene ya aina hiyo. Ya LP ni nyembamba sana. Inafika chini kabisa ya mkwaruzo na kuleta kelele.

Diski ya 78 inavunjika kama sahani ya udongo, na kila mara inapopigwa inalika kidogo. Familia ya Fizi au Baraka iliyo na diski ya Mwenda iliyoachwa na babu inaweza kuipeleka redioni ihamishiwe kwenye kompyuta. Kazi hiyo ikifanywa mara moja kwa kipimo sahihi, wajukuu watasikia vile vidole viwili bila shii juu yake.