Kenyatta: Mhariri aliyekuwa pia katibu wa chama

KABLA ya kuwa Rais wa kwanza wa Kenya, Mzee Jomo Kenyatta, wakati huo Johnstone, alikuwa msomaji wa mita za maji wa Manispaa ya Nairobi. Aliishi Kilimani, si mbali na Kibera walikokaa askari wa Kinubi na jamaa zao. Alikuwa pia na nyumba Dagoretti, eneo ambamo leo mna mtaa wa Kawangware, nayo ilikuwa duka la bidhaa ndogondogo lililoitwa Kinyata Stores.

Mnamo 1928 aliacha kazi hiyo akawa katibu wa chama cha Kikuyu Central Association (KCA). Mwezi Mei mwaka huo alianzisha Muigwithania, jarida la kila mwezi kwa lugha ya Kikuyu, ambalo jina lake lina maana ya mpatanishi. Lilikuwa na habari, makala na mawaidha. Lakini pia lilikusudiwa kuwaunganisha Wakikuyu na kukichangishia chama fedha, na aliyeamua kipi ni habari ndiye aliyehitaji michango hiyo.

Lugha yake ilikuwa ya upole kwa serikali, na Gavana Edward Grigg aliliachia liendelee. Si ajabu: jarida kali lingefungwa upesi, na chama kingebaki bila sauti. Kenyatta alipofika London mwaka 1929 kudai ardhi, kalamu ile ile iligeuka kali katika magazeti ya Wakomunisti. Machi 1930 gazeti la The Times lilichapisha barua yake ya madai matano, iliyoandikwa kwa adabu kubwa.

Muigwithania lilipigwa marufuku pamoja na KCA mnamo 1940.

Alipokuwa Rais, hali iligeuka. Mwaka 1964 serikali yake ilitwaa shirika la utangazaji, likawa Sauti ya Kenya, na taarifa ya habari ikawa ikianza kwa shughuli za Rais. Hata magazeti ya watu binafsi hayakuwa mbali na Ikulu. George Githii, aliyewahi kuwa katibu wa Kenyatta, alikuja kuwa mhariri mkuu wa Nation.

Machi 1975 mbunge J.M. Kariuki alipotoweka, Nation liliandika kwamba yuko Zambia. Mwili wake ulikuwa umekwisha kupatikana Ngong.

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, akiwa bado madarakani.