Ronald Ross na Mwalimu Wake

Bila shaka unajua kwamba malaria huenezwa na mbu. Umefundishwa jambo hilo tangu ulipokuwa mdogo. Lakini zamani watu wengi walidhani kwamba homa hiyo huletwa na hewa mbaya itokayo katika vinamasi. Daktari Ronald Ross ndiye aliyepata ushahidi dhidi ya mbu, naye hakuupata peke yake.

Ross alizaliwa mwaka 1857 huko Almora, nchini India, ambako baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Waingereza. Yeye alipenda zaidi mashairi na uchoraji, lakini baba yake alitaka awe daktari. Basi akasomea udaktari mjini London, na mwaka 1881 akaanza kazi India.

Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Laveran, alikuwa ameona vijidudu vya malaria katika damu ya mgonjwa. Ross alivitafuta kwa hadubini asivione, hata akaanza kuamini kwamba havipo. Mwaka 1894, akiwa likizoni London, alikwenda kumwona Dakta Patrick Manson. Huyu ndiye aliyegundua, alipokuwa Uchina mwaka 1877, kwamba vijinyoo viletavyo matende hukua ndani ya mbu. Manson hakumdharau mgeni wake. Alimketisha mbele ya hadubini, akamwonyesha vijidudu vile katika tone la damu. Kisha akamweleza wazo lake kwamba huenda vijidudu vya malaria navyo hubebwa na mbu.

Mwaka 1895 Ross alirudi India kulichunguza wazo hilo. Fikiri jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa. Ilimbidi ampasue mbu, ambaye wewe humwona mdogo hata akiwa mzima, na kumchunguza sehemu baada ya sehemu. Joto lilikuwa kali, lakini hakuweza kutumia pangaboi, maana upepo ungepeperusha vipande vya mbu. Jasho lilimtiririka hata skrubu za hadubini zikashika kutu. Kwa zaidi ya miaka miwili hakupata alichokitafuta. Aliandika barua nyingi kwa Manson, naye Manson akamjibu, akimwelekeza na kumtia moyo asiache.

Hata hivyo, mwalimu huyo alikosea jambo moja. Alidhani kwamba mbu hufa majini, na kwamba watu huambukizwa wanapokunywa maji hayo. Ross alilijaribu wazo hilo, lakini majaribio hayakulithibitisha.

Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad, Ross alipasua mbu wenye madoa kwenye mabawa. Mbu hao walikuwa wamemwuma mgonjwa wa malaria aitwaye Husein Khan, aliyelipwa kwa kukubali kuumwa. Katika ukuta wa tumbo la mbu, Ross aliona vijidudu vikikua.

Punde si punde akahamishwa, akapelekwa mahali ambapo malaria ilikuwa haba. Manson aliwasihi wakuu wa serikali wampe Ross nafasi ya kuendelea na uchunguzi. Mwaka 1898, mjini Calcutta, Ross alichunguza malaria ya ndege, akisaidiwa na Mahomed Bux, aliyekuwa hodari wa kazi ya mbu. Aliona vijidudu vikiingia katika tezi za mate za mbu. Mbu hao walipowauma ndege wazima, ndege wakaugua. Kumbe ugonjwa huingia kwa kuumwa, si kwa kunywa maji!

Mwezi Julai mwaka huo huo, Manson alisimama mbele ya mkutano wa madaktari mjini Edinburgh, akatangaza habari hizo kwa furaha, ingawa zilionyesha kwamba wazo lake la maji halikuwa sahihi.

Ross alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Baadaye, kwa bahati mbaya, wawili hao walikosana. Manson alifariki mwaka 1922, na Ross mwaka 1932. Barua zao zimehifadhiwa mjini London, na ndani yake mtu aweza kufuata, mwezi baada ya mwezi, mwanafunzi akiuliza na mwalimu akijibu.