Mama Ambaye Bakhita Hakumwona Tena

Watu wa Handeni na Korogwe hawahitaji kwenda mbali kutafuta habari za utumwa. Katika karne ya 19 misafara ilipita bonde la mto Pangani ikielekea pwani, na katika njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walichukuliwa kwa majahazi wakauzwa Usomali. Wazao wao, waliokimbia vita vya huko baada ya mwaka 1991, walipopewa makazi Chogo, wilayani Handeni, walikuwa wangali wakisema Kizigua. Lugha ya mama ilidumu, ijapokuwa mama wenyewe hawakuonana tena na watoto wao. Kwa ajili hiyo twapenda familia zetu zitafakari maisha ya Mtakatifu Yosefina Bakhita.

Alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Darfur, nchini Sudani, katika nyumba yenye watoto wengi na upendo. Dada yake mkubwa alitekwa kwanza, naye Bakhita akamwona mama yao akilia. Karibu mwaka 1877 akatekwa yeye mwenyewe. Hofu ikamshika hata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita, maana yake mwenye bahati, ni jina alilopewa na watekaji. Aliuzwa mara nyingi, akapigwa, akachanjwa chale zaidi ya 100 na kupakwa chumvi.

Mwishowe alinunuliwa mjini Khartoum na balozi mdogo wa Italia, Callisto Legnani, na mwaka 1885 akafika Italia. Huko akawa mlezi wa mtoto mdogo aitwaye Mimmina. Tazameni, wazazi: aliyenyang'anywa mama yake alimlea kwa upendo mtoto wa mama mwingine.

Masista Wakanosa wa Venice walimfundisha dini. Bibi yake alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita alikataa, na tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ikaamua kwamba ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 alipokea Ubatizo, Kipaimara na Komunyo. Mwaka 1896 akaweka nadhiri, na miaka mingi akatumika huko Schio jikoni, sakristia na mlangoni, akipendwa sana na watoto.

Alikuwa akisema kwamba kama angekutana na waliomteka angepiga magoti awabusu mikono, kwa kuwa kwa njia ile alifika kumjua Kristo. Neno hili lisieleweke vibaya. Hakuubariki utumwa, yeye aliyekataa kumfuata bibi yake alijua vema thamani ya uhuru. Alimshukuru Mungu, awezaye kutoa mema hata katika uovu wa wanadamu, na akawasamehe waliomtenda uovu huo. Wala shukrani haikumfuta mama yake moyoni. Atamaniye kumwona aliye mbali hakosi imani. Upendo wake ungali hai, na sala ndiyo njia yake.

Alifariki tarehe 8 Februari 1947, akimwita Bikira Maria, Mama asiyeweza kunyang'anywa na mtu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, na tangu mwaka 2015 sikukuu yake ni siku ya kuombea waathirika wa biashara ya watu.

Biashara hiyo haijaisha. Mabinti hutoka vijijini kwenda kazi za nyumbani mijini, na wengine hawapati mshahara wala ruhusa ya kuzungumza na kwao. Basi wewe mama unayemtuma binti, ijue nyumba aendako. Nawe mama uliyempokea, anayemlea mwanao ni mwana wa mwenzako: mlipe haki yake, mpe nafasi ya Misa, na juma hili asikie sauti ya mama yake. Na jioni, katika Rozari ya familia, tuwataje kwa majina wote walio mbali nasi, ili jina la mtoto yeyote lisisahauliwe nyumbani kwao.